Msalaba Ambao Hakuna Askofu Aliyeutoa

Msomaji wa Kamina akifungua kitabu chochote cha Kifaransa kuhusu historia ya Katanga, hakosi kukutana na neno croisette, yaani kimsalaba. Kwa Kiswahili huitwa msalaba wa Katanga. Jina hilo halina kosa, ila lina mtego: asiyejua hudhani kitu chenyewe kilitoka misioni.

Ulaya ya Zama za Kati, pesa za kanisa zilikuwepo kweli. Jaenberht, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyefariki mwaka 792, alitoa peni za fedha zenye jina lake. Maaskofu watawala wa Liège, katika Ubelgiji ya leo, nao walikuwa na sarafu zao. Kugonga sarafu ilikuwa haki ya mfalme, naye akimgawia askofu haki hiyo, faida nayo ilimfuata askofu. Lakini haki ilikuwa na mipaka yake: mwaka 1529 Kardinali Thomas Wolsey alishtakiwa, pamoja na mengine mengi, kwa kuweka kofia ya ukardinali kwenye sarafu ya mfalme iliyogongwa York.

Katika bonde la Upemba, huku Katanga, hakukuwa na askofu wala mtambo wa kugongea sarafu. Kulikuwa na wahunzi.

Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, humu humu mkoani Haut-Lomami, makaburi ya kale yalifukuliwa na Jacques Nenquin mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka 1958, na Pierre de Maret mwaka 1974. Katika makaburi ya kuanzia karne ya 14, misalaba ya shaba inaongezeka. Mwanzoni ni mikubwa kiasi, na mingine imelazwa kifuani mwa marehemu. Kadiri karne zinavyosonga inapungua ukubwa hadi sentimita chache, inakaribiana vipimo, na inakutwa kwa mafungu karibu na mikono au kiunoni. De Maret aliona humo safari ya kitu cha heshima kugeuka pesa ya kununulia. Shaba yenyewe, mukuba kwa wenyeji, ilitoka kusini, kwenye machimbo ya ukanda wa madini. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, Katanga, mwaka 1886 tu, wakati misalaba hiyo ilikuwa na karne nyingi.

Je, iitwe sarafu? Sarafu hugongwa chapa ya mwenye mamlaka, kama zile za shaba za Kilwa zenye jina la Sultani Ali bin al-Hasan. Msalaba wa Katanga ulimiminwa kwenye kalibu, bila jina la mtu. Neno fedha nalo lina utata wake, maana ni pesa na ni madini meupe pia. "Fedha ya shaba" ingemchanganya hata mfua vyuma. Kwa ile misalaba midogo ya Sanga, "pesa ya msalaba" inatosha. Ile mikubwa ya karne ya 19, yenye umbo la X, ina jina lake tayari: handa.

Kanisa liliingia baadaye, kwa kalamu. Mwaka 1926 Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Katanga, alichapisha maelezo ya wayeyushaji wa shaba wa Katanga akiwaita "walaji wa shaba". Msalaba ulikuja kufika kwenye sarafu halisi mwaka 1961, Katanga iliyojitenga ilipotoa faranga zake: upande mmoja ndizi, upande wa pili msalaba.