Bunduki za Sultani

Anayetafuta Uturuki mjini Birmingham huanzia kwa wauza kebabu na vinyozi. Mimi naona ni kuchelewa sana kuanza. Uhusiano wa mji huu na Istanbul ulitangulia maduka hayo, na ulipita kwenye chuma. Vita vya Krimea vilipozuka, Uingereza na Waosmani walisimama upande mmoja dhidi ya Urusi, na mwaka 1854 mafundi wa bunduki wa Birmingham waliunda chama chao ili kuhudumia vita hivyo. Kazi yao ilikuwa ya karakana ndogondogo kuzunguka Steelhouse Lane na Loveday Street: huyu huchonga kitako, yule hutengeneza mtutu, mwingine kiwashio, vipande vikibebwa kwa mkono mlango hadi mlango. Mwaka 1861 baadhi yao walianzisha kampuni ya bunduki ya BSA, wakajenga kiwanda kinachotumia mashine katika eneo la Small Heath. Mwaka 1863 serikali ya Uturuki iliagiza kwao bunduki 20,000.

Kuna atakayesema biashara ya silaha si utamaduni, na kwamba mteja hakuhamia Birmingham. Ni kweli, tena mteja huyo hakuwa mwaminifu: kuanzia 1872 oda kubwa, iliyofikia bunduki 600,000, ilikwenda Providence, Marekani. Lakini hoja hiyo inapima ukaribu kwa makazi tu. Watu wa pwani yetu, waliofanya biashara na Maskati na Surat vizazi kwa vizazi, wangeshangaa kuambiwa kwamba mizigo haina historia.