Kuzima mitambo hakujawahi kuzima habari

1. Kila uchaguzi ukikaribia, mjadala huu hurudi: serikali iwe na ruhusa ya kuzima matangazo ya moja kwa moja ati kulinda amani? Mmoja anasema uvumi unaua. Mwingine anasema huko ni kuficha ukweli. Kabla hujachagua upande, hebu tupitie historia kidogo.

2. Kwa miaka mingi sauti ilikuwa moja. Sauti ya Kenya (VOK) ilikuwa ya serikali tangu 1964, kisha ikawa KBC mwaka 1989. Ndiyo maana Agosti 1, 1982, wanajeshi waliojaribu mapinduzi walikimbilia studio na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Aliyeshika redio alionekana ameshika nchi.

3. KTN ilikuja 1990, FM za kibinafsi zikafuata, na mwaka 2000 Kameme ikafungulia njia redio za lugha za mama. Mwananchi akapiga simu studio, akasema yake. Lakini baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilizilaumu baadhi ya redio hizo kwa kueneza chuki. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba zamani redio zilikuwa malaika, shetani akaja na simu.

4. Desemba 30, 2007, matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku. Damu iliacha kumwagika? La. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zile. SMS za chuki zilizunguka. Simu hizo hizo, Januari 2008, zilituma ripoti kwa Ushahidi, tovuti iliyoonyesha kwenye ramani mahali watu walikoshambuliwa. Chombo kimoja, kazi mbili.

5. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, intaneti ikaanza kuenea. Januari 30, 2018, serikali ilipozima stesheni kubwa za runinga, watu walihamia kwenye simu, wakaendelea kutazama. Juni 25, 2025, stesheni ziliagizwa ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo, na video zilikuwa zishazunguka kitambo.

6. Basi tumepoteza nini? Mhariri. Stesheni ikikosea, ina jina, ina leseni, ina mlango wa kubisha. Klipu ya grupu la WhatsApp haina mlango. Bunge lilijaribu kuziba pengo hilo kwa sheria ya 2018 ya uhalifu wa mtandaoni, iliyoweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa habari za uongo. Lakini aliyetunga uongo hujificha, na anayeonekana ni yule aliyesambaza.

7. Msimamo wangu ni huu: ukizima runinga, unawanyamazisha wale unaoweza kuwashtaki wakikosea, halafu unawaachia uwanja wasiojulikana. Uvumi hunona pale habari zinapokosekana.

8. Kwa hivyo mgombea yeyote akija kwenu, wa upande wowote, muulize mambo mawili. Ukipata madaraka, utazima? Na Kifungu cha 34 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa vyombo vya habari, utakiweka wapi siku hiyo? Akizungukazunguka, mshajibiwa.