Kasi ya kadi ya michoro hupimwa vipi?

KADI ya michoro ni kifaa cha kompyuta kinachochora picha zinazoonekana kwenye skrini. Kadi za hali ya juu huuzwa kwa bei ghali, na aghalabu mnunuzi huamua kwa kutazama alama ambazo kadi ilipata katika majaribio. Hata hivyo, alama hizo ni za kutegemewa tu iwapo jaribio lenyewe lilifanywa kwa uaminifu.

Ukweli huo ulidhihirika mwaka wa 2003 kupitia kwa kadi ya GeForce FX 5900 Ultra, iliyozinduliwa mwezi wa Mei na kampuni ya Nvidia ya Marekani kwa bei ya dola 499. Kadi hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256, na prosesa yake ilifanya kazi kwa kasi ya megahezi 450.

Mojawapo ya programu zilizotumiwa sana kupima kadi wakati huo ni 3DMark03, iliyotengenezwa na kampuni ya Futuremark ya Finland. Programu hiyo huonyesha matukio yanayofanana na ya michezo ya kompyuta, na kuhesabu ni picha ngapi ambazo kadi inachora kila sekunde. Kamera hufuata njia ile ile kila mara ili kadi zote zipewe kazi sawa.

Usawa huo ndio uliogeuka kuwa mwanya. Jarida la ExtremeTech liligundua kwamba kamera ilipotolewa katika njia yake ya kawaida, baadhi ya sehemu za picha ziliharibika. Programu endeshi ya kadi hiyo ilikuwa ikiruka sehemu ambazo kamera haingezifikia, na hivyo kuipunguzia kadi kazi.

Mnamo Mei 23, Futuremark ilitoa ripoti ya uchunguzi wake. Mbinu hizo zilipozimwa, alama za kadi hiyo zilishuka kwa asilimia 24.1. Alama za kadi ya kampuni pinzani ya ATI zilishuka kwa asilimia 1.9, nayo ATI ikakubali kwamba ilikuwa imepanga upya baadhi ya maagizo ya programu hiyo. Hata hivyo, mnamo Juni 2, Futuremark na Nvidia zilitoa taarifa ya pamoja iliyosema kwamba jambo hilo halikuwa udanganyifu, bali uboreshaji uliolenga programu moja mahususi.

Kuna njia nyingine ya kupandisha alama, isiyo na hila ndani yake: kuongeza kasi ya kadi kupita kiwango kilichowekwa kiwandani. Anayefanya hivyo huongeza kasi kidogo kidogo, kisha hurudia jaribio kila hatua. Kasi ya kumbukumbu ikizidi, vitone na mistari ya ajabu hujitokeza kwenye skrini. Ya prosesa ikizidi, aghalabu kompyuta hukwama au kujizima.

Gharama yake ni joto. Umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka sambamba na kasi, lakini huongezeka kwa kipeo cha pili cha volteji. Hivyo, kasi na volteji zikiongezwa kwa asilimia 10 kila moja, matumizi ya umeme katika prosesa hupanda kwa takriban asilimia 33. Picha kwa sekunde haziwezi kuongezeka kwa kiwango hicho, na huenda zisiongezeke hata kidogo iwapo kinachochelewesha kazi ni prosesa kuu ya kompyuta. Aidha, joto na volteji ya kupindukia hufupisha maisha ya kadi.

Tangu Nvidia ilipozindua GeForce GTX 680 mwaka wa 2012, kadi zake nyingi zimekuwa zikijiongezea kasi zenyewe kulingana na joto na umeme uliopo. Kwa sababu hiyo, kadi ikiwa bado baridi inaweza kupata alama za juu kuliko itakavyopata baada ya kufanya kazi kwa nusu saa.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi anafaa kuuliza mambo matatu: iwapo kadi ilipimwa kwa michezo halisi zaidi ya mmoja, iwapo ilipashwa moto kwanza, na iwapo jaribio lilirudiwa na kutoa matokeo yale yale.