Waliobeba Vita Vichwani



Wafanyabiashara wa Tunduma hupanda basi kwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kufuata bidhaa. Bei za kule wanazijua kwa moyo. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba jina la soko hilo ni kumbukumbu ya wapagazi wa vita? Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na kikosi cha wabeba mizigo kilichoitwa “Carrier Corps”. Mahali hapo palikuwa na kambi yao, na vinywani mwetu jina hilo likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor.

Historia hiyo inatugusa sana sisi wa Songwe. Tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana ardhi hii kwenye karatasi. Wanyamwanga wakajikuta wengine kwa Mjerumani, wengine kwa Mwingereza. Vita vilipozuka mwaka 1914, Wazungu walikuwa na ugomvi wao wa Ulaya, lakini waliochukuliwa vijijini, huku na kule, walikuwa watu wa ukoo mmoja. Vita vya wageni vikawa vya ndugu kwa ndugu.

Mwezi Mei 1916, majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka huu kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yakaelekea Tukuyu. Reli haikuwapo, magari yalikuwa machache, na ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Ilibaki shingo ya binadamu. Mpagazi, ambaye upande wa Nyasaland na Rhodesia aliitwa tenga-tenga, alibeba mzigo wa kilo zipatazo 25: risasi, unga, mahema, hata vitu vya anasa vya maofisa. Kadiri safari ilivyorefuka, ndivyo wapagazi walivyokula sehemu kubwa zaidi ya chakula walichobeba, na ndivyo walivyohitajika wapagazi wengine zaidi.

Upande wa Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja. Kwa hesabu za serikali yenyewe, waliokufa hawakupungua 95,000. Risasi haikuwa muuaji wao mkubwa. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na njaa.

Hata mwisho wa vita ulipita mlangoni petu. Novemba 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akikimbizwa, alipita Mbozi akashambulia Fife, ng'ambo ya mpaka, kisha akafika Kasama. Ulaya walikwisha kuweka silaha chini tarehe 11. Yeye alipata habari akiwa Mto Chambeshi. Alijisalimisha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, akiwa na Wazungu 155 na askari weusi zaidi ya 1,100. Wazungu hao wana majina vitabuni. Wapagazi waliokuwa nyuma yao ni idadi tu.

Je, ni bahati mbaya? Hapana. Baada ya vita, Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alionelea kuwa makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi porini upesi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya mtu mwenye bunduki. Mwenye mzigo hayupo.

Linganisha na Waayalandi. Zaidi ya laki moja waliohamia Marekani walipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, mwaka 1861 hadi 1865. Wengi walisahauliwa kwao. Leo watafiti wanawapata, kwa sababu mjane aliyedai pensheni alitakiwa kuthibitisha ndoa yake. Alipeleka barua za marehemu, vyeti vya kanisa na ushahidi wa majirani, na majalada hayo yametunzwa Washington. Mjane wa mpagazi wa Mbozi hakuwekewa pensheni. Pasipo pensheni hapakuwa na jalada, na pasipo jalada jina likapotea.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Kukiri ni jambo jema, lakini London haitajua jina la babu wa mtu wa Momba au Ileje. Linajulikana hapa, kama bado lipo.

Waliobeba mizigo ile wamekwisha kufa. Walio hai ni wajukuu zao, nao ni wazee. Muulize mzee wako: nani katika ukoo aliondoka na jeshi asirudi? Andika jina, kijiji, na njia aliyoelekea. Vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani, Mbozi kwa upande wetu na Mwenzo kwa upande wa Zambia, vifunguliwe na kusomwa. Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa. Siku hiyo tuwe na majina ya kutaja.