Studio Pepe: Namna ya Kuirekebisha Mandhari Ilingane na Chumba cha Kurekodia

Studio pepe ni mandhari iliyochorwa kwa kompyuta, ambayo mtazamaji huiona nyuma ya mtangazaji aliyesimama, kwa kweli, mbele ya pazia la rangi moja. Kompyuta huiondoa rangi ya pazia na kuweka picha mahali pake. Mbinu hii ni kongwe kuliko kompyuta: Larry Butler alitumia pazia la buluu katika filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, naye akatunukiwa Oscar. Siku hizi kazi hiyo hufanywa papo kwa papo na programu kama OBS Studio, inayotolewa bure, hata chumba kidogo cha parokia kikaonekana ukumbi wa habari.

Mandhari zilizo tayari ni nyingi, lakini zikitumiwa jinsi zilivyo hutambulika upesi: meza ya kioo, maghorofa ya mji wa mbali usiku. Kwa kawaida huundwa kwa matabaka, yaani ukuta, runinga ya ukutani, nembo na meza, kila moja likiwa picha ya PNG yenye pikseli 1920 kwa 1080, iliyo wazi pasipochorwa kitu. Tabaka moja hubadilishwa bila kuyagusa mengine. Meza huwekwa juu ya picha ya mtangazaji, ili aonekane ameketi nyuma yake.

Wengi huanza na rangi na nembo. Jicho la mtazamaji, hata hivyo, hukwazwa zaidi na kimo cha kamera na upande wa mwanga.

Kila picha ya chumba huonyesha kimo cha kamera iliyoipiga. Fuatisha mistari ya sakafu na dari inayoelekea nyuma hadi ikutane. Urefu wa mahali hapo ndio kimo chenyewe. Ikiwa kamera yenu imewekwa sawa na macho ya mtangazaji, basi macho yake yaangukie kwenye urefu huo. Picha iliyochorwa kutoka juu, yenye sakafu nyingi, humfanya aonekane anaelea, na hakuna nembo itakayoficha kasoro hiyo. Mandhari iliyoundwa kwa Blender, programu nyingine ya bure, ina nafuu: kamera yake yaweza kushushwa, kisha picha ikatolewa upya.

Kuhusu mwanga, dirisha la pichani likiwa kushoto, taa kuu nayo isimame kushoto. Chumba kikiwa chembamba mno kuiruhusu, geuza picha, kisha ndipo uweke maandishi na nembo, vinginevyo vitasomeka kinyume.

Pazia lenyewe limulikwe kwa taa zake, bila mikunjo, na mtangazaji akae mita 2 hivi mbele yake, rangi isimrudie mabegani. Kijani hupendwa kwa kuwa vihisio vya kamera nyingi, kwa mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak uliopewa hataza mwaka 1976, vina vipokezi vya kijani mara mbili ya vile vya nyekundu au buluu. Lakini Kipindi cha Kawaida kina taabu yake: padre aliyevaa kasula ya kijani atabaki kichwa na mikono. Hapo pazia la buluu ndilo linalofaa, isipokuwa pembeni pamewekwa sanamu ya Bikira Maria yenye joho la buluu.

Swali la picha ipi itumike si la urembo tu. Katika taarifa ya habari, kumweka msomaji mbele ya picha halisi ya kanisa kuu ilhali yuko mahali pengine ni kumwambia mtazamaji jambo lisilo kweli, ingawa halikutamkwa. Mchoro, au ukuta wenye nembo ya jimbo, haudai chochote cha namna hiyo.

Mwishowe rekodi dakika moja ya majaribio, uitazame kwa simu na pia kwa runinga kubwa. Kingo za nywele zikiwa zimeliwa, punguza ukali wa kuondoa rangi kabla ya kugusa kitu kingine.