Mfumaji wa Vifuniko vya Chupa

Yapata mwaka wa 1998, mwalimu mmoja wa uchongaji aliona mfuko uliotupwa kichakani karibu na mji wa Nsukka, nchini Nigeria. Ndani yake mlikuwa na vifuniko vya chupa za pombe kali. Mtu mwingine angalipita. Yeye aliuchukua hata karakana yake, ukakaa miezi kadhaa kabla hajajua la kuufanyia.

Mwalimu huyo ni El Anatsui, aliyezaliwa mwaka wa 1944 katika Anyako, nchi iliyoitwa Gold Coast wakati ule, nayo ndiyo Ghana. Chuoni Kumasi alifunzwa sanaa kwa desturi ya Ulaya, naye akaona kwamba mambo ya kwao yameachwa nje ya mlango. Basi akazitwaa sinia za mbao ambazo wachuuzi hupangia bidhaa sokoni, akazichora alama kwa chuma cha moto. Mwaka wa 1975 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Huko alifinyanga vyungu vya kuvunjika, akakata mbao kwa msumeno wa mashine. Lakini sifa yake ilikuwa ikimngoja katika mfuko ule.

Wasaidizi wake huvibapa vifuniko, huvikunja na kuvitoboa, kisha huviunga kwa nyaya za shaba, maelfu kwa maelfu, hata vikawa shuka. Ukiwa mbali, msomaji, wadhani ni kente, nguo ya fahari ya Ghana, ambayo baba yake mwenyewe aliifuma. Ukikaribia, wasoma majina ya pombe. Wako wanaosifu rangi tu wakaenda zao. Mimi naona wamekosa nusu ya kazi, kwa maana pombe kali ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walizitoa Afrika Magharibi kununulia watu.

Tena shuka hizo hazina umbo moja: kila atundikaye huamua mikunjo yake. Wachongaji wangapi wangalivumilia hayo?

Mwaka wa 2007 shuka moja ilifunika uso wa jumba la Palazzo Fortuny mjini Venice, na mwaka wa 2015 mji huo ukamtunukia Simba wa Dhahabu. Mwaka wa 2023 alialikwa London, katika ukumbi wa Tate Modern uliokuwa wa mitambo ya umeme. Shuka ya kwanza aliyoitundika humo ilikuwa nyekundu, imetuna kama tanga la merikebu.