Bob Hope na Haki ya Kutania Vitani

Wanaomsifu mchekeshaji Bob Hope huanza na hesabu: ziara 57 za kuwatumbuiza wanajeshi wa Marekani kupitia shirika la USO, kati ya 1941 na 1991. Hesabu hiyo yastaajabisha, lakini haielezi kwa nini askari aliyejua kwamba huenda kesho asirudi kambini alikubali kucheka. Hoja yangu ni kwamba askari walimpa Hope haki ya mtani. Katika jamii zetu nyingi mtani husema msibani maneno ambayo mwingine akiyatamka atafukuzwa, na ruhusa hiyo huigharamia kwa jasho: hufika, hushiriki kazi za mazishi, ndipo akatania.

Hope alifika. Mwaka 1943 alizunguka Uingereza, Afrika Kaskazini na Sicily pamoja na mwimbaji Frances Langford, mpiga gitaa Tony Romano na mchekeshaji Jack Pepper. Mjini Palermo mabomu ya Wajerumani yaliwakosa kidogo tu. Kila kambi aliichekesha kwa mambo yake yenyewe: ofisa asiyependwa, chakula kibovu, tope. John Steinbeck, aliyekuwa mwandishi wa habari katika Vita vya Pili vya Dunia, amesimulia tukio moja la hospitalini. Langford alikuwa akiimba, kijana mmoja aliyejeruhiwa kichwani akaanza kulia, na mwimbaji mwenyewe akazidiwa, akatoka nje. Wodi ikawa kimya. Hope akasimama katikati ya vitanda, uso mkavu, akawaarifu kwamba huko nyumbani watu wana shida kubwa: mayai ya unga hayapatikani kabisa, imewabidi kula yale ya kupasua. Miongoni mwa watu waliokwisha kuyachoka mayai ya unga, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Utani ule uliwapa majeruhi hadhi ya kujua jambo ambalo raia hawalijui, na hapo ndipo ninapouona ukubwa wa Hope.

Vietnam alikwenda kila Krismasi tangu 1964 hadi 1972, na ujasiri haukumpungukia. Mkesha wa Krismasi ya kwanza alikuwa Saigon siku bomu lilipolipua makazi ya maofisa ya Brinks. Kilichohama ni upande aliosimama. Sasa alikuwa rafiki wa marais na mtetezi wa vita hadharani. Desemba 1969, katika kambi ya Lai Khe, aliwaambia askari kwamba Rais Nixon amemhakikishia kuwa ana mpango wa kuleta amani. Wakamzomea. Mtani aliyebeba ujumbe wa mkuu amekuwa tarishi, na tarishi hana ruhusa ya msibani.

Mwaka 1997 Bunge la Marekani lilimtambua kuwa mwanajeshi mstaafu wa heshima, mtu wa kwanza kupewa hadhi hiyo. Aliistahili. Ila wanaoandika historia yake wasiifiche Lai Khe, kwa maana waliomzomea pale ni wanajeshi, watu aliotumia nusu karne kuwachekesha.